Kitufe Chenye Punje ya Mchele

Gundi ilimshika kidole badala ya kushika punje ya mchele. Binti akapuliza, akajaribu tena, na safari hii punje ikakaa juu ya kitufe cha kompyuta.

"Hiki hapa," alisema, akiuongoza mkono wa baba yake. "Ukipapasa ukakuta mchele, bonyeza. Kila kitu kitahifadhiwa kwa pamoja, kisha unazima."

"Kila kitu?"

"Ndiyo. Siku wanao watakapokubaliana."

Baba alicheka. Macho yake yalizimika miaka sita iliyopita, cheko likabaki. "Basi huo mchele utaota kwanza."

Kesho yake asubuhi binti angepanda treni kwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja ya mbali, mkataba wa miaka miwili. Mpaka siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa macho ya baba. Baba alitunga nyimbo kwa programu mbili: Kinanda, kilichotoa milio, na Kinasa, kilichonasa sauti yake. Akimaliza, binti alihifadhi kazi ya kimoja, halafu ya kingine, kila kimoja kwa njia yake. Ukisahau kimoja, nusu ya wimbo imekwenda, na kompyuta haisemi neno.

Kinasa kiliandikwa na kaka mkubwa, aliyetengeneza redio katika chumba cha mbele. Kinanda kiliandikwa na mdogo wao wa mwisho, katika chumba cha nyuma. Wote wawili waliziweka programu zao wazi mtandaoni, mtu yeyote azitumie na kuzirekebisha bila kuomba ruhusa. Lakini kila kimoja kilitii utaratibu wake. Wa kaka uliitwa Kengele: ikilia, kila programu inajihifadhi yenyewe. Wa mdogo uliitwa Daftari: linaziorodhesha programu na kuzihifadhi moja baada ya nyingine. Wowote ungemfaa baba, mradi uwe mmoja. Ndugu hao walibishania upi uwe, ubishi ukazaa matusi, na sasa ulikuwa mwaka wa pili hawasemeshani.

"Nimezaa mabubu wawili," baba alizoea kusema, "nao wakazaa mabubu wengine wawili."

Mezani walizungumza kupitia kwa binti.

"Mwambie huyo asogeze chumvi."

"Mwambie mwenye kengele, chumvi iko mbele ya pua yake."

Mwezi mzima alikuwa amewabembeleza. Kaka alijibu kwamba daftari ni la makarani. Mdogo alijibu kwamba kengele ni ya shingo ya mbuzi. Alijiona kama mtu anayesukuma ukuta, na ukuta wenyewe una pande mbili.

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, kaka alimwita. Redio ilikuwa imefumuliwa mezani. Bila kumtazama, alimpa flashi.

"Kaweke kwenye kompyuta ya baba. Kinasa sasa kinafuata Daftari."

Binti aliigeuza flashi kiganjani. "Na Kengele?"

"Nimeing'oa. Ningeiacha, ningejikuta nairudia." Akapuliza vumbi ndani ya redio, ingawa vumbi halikuwepo. "Lakini huyo asijue. Wala baba, maana baba hana kifua. Agundue mwenyewe utakapokuwa umeshakwenda. Akija kunicheka usoni, nairudisha."

"Simwambii mtu, kaka."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Baba alikuwa bado anaoga. Binti aliweka Kinasa kipya, akapiga milio mitatu, akaimba mstari mmoja, akabonyeza mchele. Akazima. Alipowasha tena, vyote vilikuwepo, milio na sauti, kama vilivyoachwa. Alifuta machozi kwa kiwiko, maana kidole bado kilikuwa na gundi.

Baba alipoingia, alimwambia, "Kuanzia kesho tumia kitufe chako."

"Wamekubaliana?"

"Wewe bonyeza tu, baba."

Jioni alimkuta mdogo wake bombani, anaosha kikombe.

"Dada. Huyo bado yuko na kengele yake?"

Binti alikumbuka kiapo. "Yule?" alisema, akijitahidi kucheka. "Heri ukaubembeleze mlima."

Mdogo wake hakucheka. Aliendelea kukisugua kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. "Haya," akasema mwishowe. "Safari njema, dada."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Kesho yake saa saba mchana, treni ikiwa imeshavuka daraja la tatu, simu iliita. Sauti ya baba ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Mwanangu, nimeumaliza. Ule wimbo niliokuwa nakutungia kwa safari yako. Nimeupiga mara moja tu, mwanzo mpaka mwisho, na vidole havikukosea hata mahali pamoja. Sijui viliutoa wapi. Hata nikirudia mara mia, hauwezi kuja tena vile."

"Umehifadhi, baba?"

"Nimepapasa mchele, nikabonyeza, nikazima. Kama ulivyonifundisha."

Binti aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Mabega yaliyokuwa yamekaza mwezi mzima yakashuka.

"Halafu siri yako nimeijua," baba alinong'ona, akicheka. "Ile uliyokuwa unanificha jana."

"Siri gani, baba?"

"Usijifanye. Ulipotoka tu, kabla sijakaa kupiga, mdogo wako alikuja kuniwekea Kinanda kipya. Sasa kinafuata kengele ya kaka yake, mwanangu. Daftari ameling'oa kabisa."