Fungu la Tausi

Siku hizi kila mtu hupewa fungu moja tu la antibiotiki maishani. Tausi alipougua nimonia, hospitali ilimwambia mama yake, Mwanahawa, kwamba fungu la mtoto lilikwisha tumika zamani, kwa mafua.

Mwanahawa alimfuata wodini Daktari Mwaluko, aliyempa Tausi dawa ile ya mafua. "Hukujua kwamba dawa ile haitibu mafua?"

"Nilijua, mama. Lakini ulikuwa unalia, nikataka urudi nyumbani umeridhika."

"Ningelia nikanyamaza, daktari. Wewe ndiye uliyesomea."

Mwanahawa akatia saini fomu ya hospitali, akampa mwanawe fungu lake mwenyewe.

Tausi alipona. Sasa yeye ndiye anayemenya viazi, ingawa naye hana fungu, kwani mama yake, kwa kuogopa jeraha lisilo na dawa, hashiki tena kisu. Hata sindano ikianguka sakafuni, wote wawili husimama tuli mpaka ionekane.