Mtutu Usioliwa

Sheria ilisema anayeingia msituni apigwe risasi. Nyamizi hakuwa na hofu, maana mumewe Shija, mlinzi wa msitu, alikuwa akikosa shabaha makusudi na kuwaambia wakubwa, "Mtutu wa bunduki umeliwa kwa uchakavu, risasi zinakwenda kombo."

Leo wamempa mtutu mpya, usioliwa wala kukosa.

Nyamizi akausugua kwa mchanga kwa siri ili uliwe. Mchanga ukateleza kama maji juu ya jani la yugwa.

"Acha, mke wangu," Shija akasema mlangoni. "Nami nimeshajaribu."

Hodi! Kaka yake Nyamizi akaingia na ndoo. "Naenda msituni kurina asali. Shemeji, bunduki yako bado inakosa hata tembo?"

Shija hakucheka.

Nyamizi akamwekea kaka yake uji, akamwongezea, akamwongezea tena.