Gauni Linalopwaya

Gauni jeupe lilitua juu ya cherehani kwa mara ya tatu.

"Linapwaya tena," mama alisema. "Mwanangu anaolewa wiki ijayo, wewe unanichezea!"

Fundi alilishika kiunoni. Alikwishalipunguza mara mbili. Muuza vifungo wa meza ya jirani akadakia, "Fundi, hilo gauni au turubai?" Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, shingo upande.

Hakuwa mtu wa utepe wa namba. Kila mteja alimpima kwa kamba yake, akafunga fundo la kifua, la kiuno na la nyonga, kisha akaitundika ukutani. Aliitungua kamba ya bibi harusi, akailaza juu ya gauni. Gauni lilikuwa dogo kuliko kamba.

"Mama, kwa kamba hii, lilipaswa kumbana asipumue."

"Kamba yako imelegea kama wewe. Mwanangu yuko vilevile. Anakula, analala, anacheka. Twende kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa soko alizoea kesi za viatu vilivyobanduka soli. Aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza.

"Kazi ikiwa mbovu, mteja ana haki. Irudiwe bure, au arudishiwe hela zake na kitambaa kilipwe. Lakini fundi naye ana haki ya kuliona kosa lake. Binti aje apimwe hapa. Kamba ikiwa na kosa, fundi unalipa."

Kwa fundi, kukilipa kitambaa kile ilikuwa ni kuiuza cherehani, na cherehani ndiyo iliyomlisha yeye na wadogo zake.

"Hawezi kuja," mama alisema haraka. "Ana shughuli nyingi."

"Basi fundi akufuate nyumbani."

Mama alijitanda khanga, akatangulia.

Fundi alimfuata, kamba mkononi na gauni begani. Mlangoni mama akamshika mkono. "Fanya upesi. Na usimchoshe."

Binti alikuwa kitandani mchana kweupe, shuka limemfika kifuani.

"Fundi! Mama bado anakugombeza?" Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Alisimama akiwa ameshikilia ukingo wa kitanda. "Hana ubaya huyo, ni maneno tu. Mvumilie."

Fundi alimzungushia kamba kiunoni. Fundo lilipaswa kukutana na ncha pale kitovuni. Lilipita, likaenda mpaka ubavuni. Akailegeza kamba, akapima upya, polepole. Likaenda palepale.

Hakuwa amekosea; binti ndiye aliyekonda. Angeweza kurudi sokoni kichwa juu, mbele ya mwenyekiti, mbele ya muuza vifungo na kicheko chake.

Akageuka, kamba mkononi, ili mama aone. Mama alisimama mlangoni, macho yake kwenye gauni. Hakuitazama kamba wala hakumtazama binti.

"Ulikosea," mama alisema kwa sauti ndogo. "Sivyo, fundi? Tafadhali. Sema ulikosea."

Binti aliketi taratibu, akajivutia shuka.

"Nilikosea, mama," fundi alisema. "Ni mkono wangu tu. Nitalipunguza tena."

Akalifungua fundo la kiuno, na hakufunga jingine.