Macho ya Bwana Ortlepp

Ijumaa hiyo, kwenye soko la Krismasi, Bwana Ortlepp aligonganisha kikombe chake na cha Ramona huku akitazama soseji.

Wafanyakazi wenzake Ramona, wote sita, alikuwa amewatazama machoni. Tena si kutazama kwa kupita. Aliwakazia macho mmoja mmoja, akasema "Afya!", akatikisa kichwa kidogo, ndipo akasogea kwa mwingine. Alipofika kwa Ramona, macho yakaruka kama panzi, yakatua kwenye jiko la mkaa.

Mji mzima wa Erfurt unajua kwamba mtu anayekugongea kikombe bila kukutazama machoni ana jambo. Hata watoto wanaokunywa juisi ya moto ya tufaha hukaripiwa wakikosea.

"Umeona?" Ramona alimnong'oneza Heidrun.

"Nimeona nini?"

"Bosi hakunitazama."

"Basi mkosi wake ni miaka saba ya kitanda baridi," alidakia Volkmar kutoka upande wa pili wa meza, haradali ikimning'inia kwenye sharubu. "Ila wewe si umeshaizoea, mama? Hutaona tofauti."

Wakacheka. Ramona naye akacheka, maana asiyecheka utani wa Volkmar huongezewa mwingine.

Wiki nzima kiwandani palikuwa na minong'ono. Brashi za plastiki za bei ya chee zilikuwa zimeujaza mji, na brashi zao za mbao na nywele za farasi zilikuwa zikilundikana stoo. Mtu mmoja ataondoka kabla ya mwaka mpya: ndivyo walivyoambizana wakati wa kahawa. Mmoja kati ya saba. Ramona alikuwa na miaka hamsini na minane, hana mume, na kazi pekee aliyoijua duniani ni kufunga nywele za farasi kwenye kipande cha mti. Nani angemchukua?

"Unajitia hofu bure, shoga," alisema Heidrun, ambaye meza yake kiwandani ilipakana na ya Ramona kwa miaka thelathini na moja. "Mzee amechoka tu. Kunywa. Mvinyo huu ukipoa unakuwa kama dawa ya kikohozi."

Ramona akanywa. Mvinyo ulikuwa wa moto, umejaa karafuu na mdalasini, lakini haukumpasha popote.

Alikuwa akimchunguza bosi. Bwana Ortlepp, mtu ambaye kwa kawaida salamu huzitoa kama anazikopesha, leo alikuwa asali tupu. Alimuuliza Volkmar habari za wajukuu, kwa majina. Alimnunulia kila mtu soseji. Mkono wa Heidrun aliushika kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa miaka yote. Lakini kwa Ramona alipita kama mtu anavyopita nguzo ya taa.

Basi ni mimi, akajisemea.

Alimfuata hadi chini ya mnara wa mbao, ule unaozunguka na vinyago vya wachungaji wa kondoo na ngamia wao. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na saa kumi na moja ilikuwa bado haijafika.

"Bwana Ortlepp, dakika moja tu."

"Si hapa, Bi Ramona. Jumatatu."

Jumatatu. Akafungua mdomo akitaka kuomba, na kilichotoka hakikuwa ombi.

"Brashi za Heidrun nazimalizia mimi. Vidole vyake vimekufa ganzi, hawezi hata kukaza waya. Huu ni mwaka wa pili. Ungeziona zile anazozifunga mwenyewe, ungelia."

Bwana Ortlepp alitazama ngamia wakipita, wakazunguka, wakapita tena.

"Mbona unaniambia leo?"

"Nimeona ni haki yako kujua."

"Haya. Nimesikia. Rudi kwa wenzako, watadhani umepotea."

Hata hapo hakumtazama.

Mezani, Heidrun alikuwa amemfunikia nusu ya soseji kwa kikaratasi. "Ile yako Volkmar kaimaliza, fisi huyu. Nimekukatia yangu. Kula."

"Mimi nilidhani haina mwenyewe!" alijitetea Volkmar.

Ramona alikula.

Jumapili aliwasha mshumaa wa tatu wa Majilio, akakaa akiutazama bila kuuona, hadi shada la misonobari lililouzunguka lilipoanza kutoa moshi. Mara mbili alishika simu ampigie Heidrun. Mara mbili akairudisha. Angesema nini? Kwamba ulimi uliteleza? Ulimi wake haukuteleza. Ulitembea, tena kwa miguu yake yote miwili.

Jumatatu alichelewa makusudi, ili lolote la kutokea liwe limeshatokea.

Aliposukuma mlango wa kiwanda alimkuta Heidrun amesimama kwenye meza yake, koti hajalivua, barua ya kuachishwa kazi mkononi. Moyo wa Ramona ukaruka. Imefaa! Ndipo akaona aibu kwa kuruka kule, lakini ulikuwa umeshakwisha kuruka.

"Heidrun," alisema. "Mpenzi wangu. Pole."

"Tazama tarehe," alisema Heidrun, akimsogezea barua puani. "Jumanne! Imeandikwa Jumanne, siku tatu nzima kabla hajaninunulia soseji. Ya Volkmar nayo Jumanne. Za wote Jumanne. Na alivyonishika mkono yule, nikajua nimependwa!"

Volkmar alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Bahasha sita, juu ya meza sita.

Heidrun alifuta pua kwa glovu, akamshika Ramona kiwiko.

"Na yako, shoga? Ifungue basi, tulie pamoja."

Ramona aligeukia meza yake. Haikuwa na kitu.