Mpaka Ipoe

Mume alichota mchuzi kijiko kizima akaumwaga ndani ya oveni mpya, makusudi. Kisha akatwaa brashi akapaka mafuta kwenye kuta zake, juu na chini, kama fundi rangi anayelipwa kwa siku.

"Unaona, mke wangu?" alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Naichafua kwa raha zangu."

Mke alikuwa amesimama kando ya sinki, aproni imemkaa kama nguo ya kuazima. Alimtazama. Tangu waoane hajamwona mwanamume huyu akiinua hata kikombe alichonywea. Vikombe vyake huota ukungu chini ya kitanda. Hapa ameshika brashi, tena kwa madaha.

"Na nani atasafisha?" aliuliza.

"Swali zuri!" Mume alifurahi kama mtoto aliyeombwa atoboe siri. "Tuliposhauriana kununua, si ulitaka ile ya mvuke? Ile hutoa uchafu mwepesi tu. Hii inajiwasha moto mkali, karibu nyuzi mia tano, mafuta yote yanageuka majivu. Unatoa rafu zake, unafungua madirisha moshi utoke, unabonyeza hapa. Basi! Ikimaliza, unapitisha kitambaa kibichi."

"Kitambaa napitisha mimi."

"Nani mwingine?" Akacheka. Jikoni alikuwa mwepesi wa kucheka.

Mke aliyatazama meno yale. Tuliposhauriana! Huyu? Hata siku walipohama nyumba, mke alipata habari kwa wachukuzi waliokuja kubeba kitanda.

Alfajiri hiyo, bwana mkubwa akikoroma, alikuwa amefunga sanduku na kulipeleka kwa dada yake. Lililobaki ni kumwambia. Hakutaka kutoroka kama mwizi; alitaka mtu huyu amsikie, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hapo ndipo penye kazi. Chumbani alipoanza, mume alijifunika shuka gubigubi. Sebuleni aliongeza sauti ya televisheni. Mezani alimkata kauli kwa neno moja: "Chumvi." Jikoni tu, mbele ya oveni hii, ndiko alikomwacha amalize sentensi, tena akimtazama usoni. Hapa zamu ya mke kusema ilikuwa haiepukiki.

Basi itakuwa hapa hapa.

Mume alibonyeza kitufe. Mlango ukajifunga, klak, na taa nyekundu ikawaka.

"Tazama adabu hiyo! Hainung'uniki, haiombi msaada. Wanawake mngekuwa hivi, mke wangu, sisi waume tungenenepa!"

Akamgeukia mkewe, akingoja. Alijua atakachojibiwa.

Hakujibiwa hicho.

"Inajisafisha kwa kujichoma," mke alisema. Sauti yake ilikaa wima. "Hilo hujalisema. Unachafua wewe, inaungua yenyewe, sifa unabeba wewe."

Mume alipepesa macho. "Ha! Mke wangu kwa mizaha..."

"Sijamaliza. Vuta mlango wake."

"Eh?"

"Uvute, nimesema."

Akauvuta. Tabasamu halikumtoka, ila masikio yalianza kuiva.

"Haufunguki mpaka ipoe. Uubembeleze, uupige teke, ni kazi bure. Na mimi nimejifunga tangu mwaka juzi, wewe hujagusa hata mpini. Siku niliyofiwa na baba uliniuliza chai iko wapi. Mwanamume mzima, na ndevu zako! Watu wanakusifu kwa ulimi. Mimi ninayeishi nawe najua ni debe, na debe tupu haliachi kuvuma."

"Mke wangu," alisema mume, chinichini, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia jikoni. "Si hapa, tafadhali."

"Wapi, sasa? Nitajie mahali pengine ulipowahi kunisikiliza. Mahali pamoja tu."

Mume akatazama huku, akatazama kule. Mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania mpini wa oveni.

"Umeona? Hata wewe hupajui. Naondoka leo. Sanduku limeshatangulia. Na usinifuate kwa dada yangu; yule akishika mwiko hajui shemeji."

Alijifungua aproni, akamvisha mumewe shingoni, akamfunga kamba nyuma kwa fundo zuri, taratibu, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Kisha akateremka ngazi, akaenda zake bila kugeuka.

Ilisikika oveni tu, ikinguruma.

Halafu makofi yakalipuka. Wateja walisimama kutoka kwenye viti vya plastiki, wengine wakipiga vigelegele, na meneja wa duka akaruka jukwaani na lundo la vipeperushi vya bei, akamnong'oneza mume sikioni: "Maneno haya hayamo kwenye maandishi niliyowapa, lakini msiyatoe. Jioni rudieni hivyo hivyo."

Safu ya mbele, mama mmoja aligongana viganja na shoga yake, akijifuta machozi ya kicheko.

"Jamani, hawa wanajua kuigiza! Utadhani mtu na mkewe kweli."