Ufa wa Hondohondo

Enzi ndege walipokuwa wakisali pamoja, Hondohondo alipiga magoti akakiri kwamba alimsingizia Kwezi wizi. Kasuku, kiongozi wa kwaya, akawa wa kwanza kupaza sauti: “Mwongo huyo! Atoke, na jina lake lisitajwe tena!” Wote wakaitikia, Hondohondo akafukuzwa msituni.

Siku ya tatu Kasuku alipita kwenye mti wa Hondohondo. Mkewe alikuwa shimoni na makinda, mlango umezibwa kwa udongo kama ilivyo desturi yao, umebaki ufa ambao baba hupitishia chakula. Mdomo ukachomoza. “Baba Chausiku, ni wewe? Mdogo ameacha kulia tangu jana.”

Kasuku akaruka hadi kwa Kwezi. “Dada, msamehe basi, arudi alishe wanawe.”

“Nilimsamehe palepale alipopiga magoti,” Kwezi akasema. “Nani kati yenu aliniuliza?”