Bi Harusi Aliyeachwa na Msafara

Magari yote yaliondoka kwa honi na vigelegele, kila dereva akidhani bi harusi amepanda gari la mwenzake. Salha alipotoka chumbani na shela lake, alikuta uani amebaki bibi yake tu, amekaa mkekani.

"Wamekuacha," bibi alisema, akicheka mpaka machozi.

"Na wewe je, bibi?"

"Mimi wamenisahau tangu asubuhi."

Salha alivua viatu, akakusanya gauni, akamshika bibi mkono, wakashika njia. Fundi viatu aliacha kazi akawafuata. Wauza vitumbua nao wakafuata, wakipiga vigelegele, mpaka barabara ikajaa.

Mara magari yakatokea mbele, yanarudi mbio kumtafuta bi harusi. Honi zikalia. Bibi, ambaye sasa alikuwa amewatangulia wote, hakupisha.